Ugali Unapokwama: Namna Saratani ya Njia ya Chakula Inavyoanza, Inavyokua na Kusambaa

Mara nyingi saratani ya umio hujulikana kwanza wakati wa kula. Mtu anameza tonge la ugali, analisikia limesimama kifuani, anakunywa maji, linashuka. Anasema labda lilikuwa kubwa. Baada ya wiki chache anaacha ugali na kuhamia wali bokoboko. Kisha anahamia uji. Mwishowe hata mate yanarudi. Wengi huenda hospitali wakiwa wamefika kwenye uji, na wakati huo ugonjwa huwa umeshakaa mwilini kwa muda mrefu.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mwili kabla ya siku ile ugali ulipokwama mara ya kwanza. Yanamhusu msikilizaji wa Kibaha, Mlandizi, Maneromango au Mzenga kwa sababu mbili. Kwanza, vitu vinavyosukuma ugonjwa huu viko karibu naye: kikombe cha kahawa, jiko la kuni, ghala la mahindi, sigara. Pili, akijua hatua za ugonjwa ataelewa kwa nini daktari husisitiza kuwahi, na kuwahi huko kunapimwa kwa wiki.

Njia ya chakula ni ipi?

Njia ya chakula huanzia mdomoni na kuishia kwenye njia ya haja kubwa. Katikati yake kuna umio, yaani mrija wa kama sentimita 25 unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Chini yake kuna tumbo lenyewe, utumbo mwembamba na utumbo mpana. Pembeni kuna ini na kongosho, viungo vinavyosaidia kusaga chakula. Saratani inaweza kuota katika kila kimoja kati ya hivi.

Tanzania imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika ambako saratani ya umio huonekana mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Ukanda huo unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi, na kushuka hadi Afrika Kusini. Saratani ya ini nayo inahusiana na mambo mawili yanayopatikana nchini: homa ya ini aina ya B, na sumukuvu katika mahindi na karanga.

Seli moja inapoacha kutii

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna maandishi ya vinasaba, yaani DNA, yenye herufi za aina nne tu zinazojirudia mara bilioni tatu hivi. Kipande cha maandishi hayo chenye maagizo ya kazi fulani huitwa jeni. Jeni huiambia seli itengeneze protini gani, igawanyike lini, isimame lini na ife lini.

Ngozi ya ndani ya umio na utumbo huchubuliwa na chakula kila siku, kwa hiyo seli zake hugawanyika kila wakati ili kuziba mahali palipochakaa. Kila seli inapogawanyika hunakili maandishi yote. Makosa ya kunakili hutokea, kama mtu anayenakili kitabu kwa mkono. Mengi husahihishwa. Machache hubaki.

Ili kuelewa makosa yapi ni ya hatari, fikiria bodaboda. Ina resi ya kuongeza mwendo na ina breki. Mwili nao una jeni za resi na jeni za breki. Jeni moja ya resi inaitwa KRAS. Kwa kawaida huwaka pale tu seli inapopata ujumbe wa kugawanyika, kisha huzima. Ikipata kosa mahali fulani hubaki imewaka, kama resi iliyonasa. Jeni ya breki inayojulikana zaidi ni TP53, inayotengeneza protini iitwayo p53. Protini hii hukagua vinasaba vya seli. Ikikuta uharibifu huisimamisha seli hadi itengenezwe, na uharibifu ukiwa mkubwa huiamuru ife. Seli iliyopoteza p53 huendelea kugawanyika hata maandishi yake yakiwa yamevurugika, na watoto wake hurithi vurugu hiyo na kuongeza nyingine.

Kosa moja halitoshi kuleta saratani. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Eric Fearon na Bert Vogelstein, walieleza kwamba saratani ya utumbo mpana hujengwa kwa ngazi. Mara nyingi jeni ya breki iitwayo APC huharibika kwanza, na kinyama kidogo huota kwenye ukuta wa utumbo. Kinyama hicho bado si saratani. Baadaye KRAS hunasa na kinyama kinakua. Mwishoni p53 inapotea, ndipo seli zinapoanza kupenya ukuta. Safari hiyo yote inaweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Ndiyo maana kinyama kikionekana mapema na kuondolewa kwa kamera, saratani ile haitokei.

Umio: chai ya moto, moshi, tumbaku na pombe

Katika saratani ya umio inayoonekana zaidi kwetu, jeni inayoharibika kuliko zote ni TP53. Swali ni kitu gani kinaiharibu.

Moshi wa tumbaku una kemikali zinazojishikiza kwenye vinasaba na kusababisha herufi zisomwe vibaya. Pombe, iwe bia, mnazi au gongo, mwilini hugeuzwa kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo nayo hudhuru vinasaba. Mtu anayevuta na kunywa kwa pamoja yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko anayefanya kimoja. Moshi wa kuni na mkaa una baadhi ya kemikali zilezile zilizomo katika moshi wa tumbaku, na tafiti za Afrika Mashariki zimekuwa zikiutazama kwa makini. Hali mbaya ya meno na kinywa nayo imetajwa katika tafiti hizo.

Vinywaji vya moto sana vina hadithi yao. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilisema kwamba kunywa kinywaji chenye joto linalozidi nyuzi 65 za selsiasi huenda kunasababisha saratani ya umio. Kosa si la chai wala kahawa, ni la moto. Mwaka mmoja kabla ya hapo utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro ulichapishwa. Watu walipimiwa chai wanapoanza kuinywa, na wastani wa joto ulikuwa juu ya nyuzi 70. Pwani tuna kahawa chungu ya kijiweni, inayomiminwa kutoka kwenye birika lililo juu ya makaa na kunywewa papo hapo. Mnywaji hupuliza mara moja na kupiga funda.

Moto hauandiki makosa kwenye vinasaba moja kwa moja. Unachofanya ni kuunguza ngozi ya ndani ya umio. Kila ikiungua seli za chini hugawanyika haraka ili kuziba kidonda. Ukiungua kila asubuhi kwa miaka thelathini, seli hizo hunakili maandishi yao mara nyingi kuliko zilivyopaswa, huku ngozi iliyochubuka ikiruhusu kemikali za moshi na pombe kupenya kwa urahisi. Seli yenye kosa tayari hupata nafasi ya kuzaliana na kuchukua eneo la wenzake.

Mwaka 2021 matokeo ya utafiti mkubwa yalichapishwa. Watafiti walisoma vinasaba vyote vya uvimbe wa umio kutoka kwa wagonjwa 552 wa nchi nane. Tanzania ilikuwamo, pamoja na Kenya, Malawi, Iran, China, Japani, Brazili na Uingereza. Walitarajia kwamba nchi zenye wagonjwa wengi zingeonyesha alama maalumu ndani ya vinasaba, kama nyayo za mwizi. Alama za pombe zilionekana kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini hawakupata alama moja ya kueleza kwa nini nchi fulani zina wagonjwa wengi kuliko nyingine. Makosa katika uvimbe wa mgonjwa wa Tanzania yalifanana sana na yale ya mgonjwa wa Uingereza.

Kitu kimoja kilionekana karibu kila mahali. Katika asilimia 88 ya wagonjwa kulikuwa na alama za kundi la vimeng'enya vinavyoitwa APOBEC. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kulinda mwili kwa kuharibu maandishi ya virusi. Katika seli iliyoelekea saratani huanza kubadilisha herufi za seli yenyewe. Ni kama askari mgambo aliyewekwa kulinda soko akaanza kubomoa vibanda.

Maana yake kwa msikilizaji ni hii: baadhi ya visababishi huenda vinafanya kazi kwa kuchubua na kuchochea, bila kuacha maandishi yao. Kwa hiyo kupunguza mchubuko wa kila siku ni jambo la maana.

Ini: sumukuvu inapoacha alama

Kwenye ini mambo ni tofauti, kwa sababu huko mwizi huacha nyayo. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo ikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa kemikali inayojibandika kwenye vinasaba, na mara nyingi hubadilisha herufi moja ileile katika jeni ya TP53, kwenye sehemu ambayo wanasayansi huiita nafasi ya 249. Jambo hili lilionekana mwaka 1991 kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa China. Herufi moja tu ikibadilika, p53 ya seli hiyo inashindwa kufanya ukaguzi wake.

Virusi vya homa ya ini aina ya B huongeza hatari hiyo mara nyingi. Kwanza, huweka ini katika hali ya kujeruhiwa na kujitengeneza kwa miaka. Pili, huweza kuchomeka vipande vya maandishi yao ndani ya vinasaba vya seli ya ini. Mtu mwenye virusi hivyo ambaye pia anakula sumukuvu yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye kimoja tu.

Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa sumukuvu. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa wakati mmoja. Sumukuvu kidogokidogo haimuangushi mtu siku hiyo. Hujumlika kwa miaka, ndani ya ini, bila homa wala maumivu.

Tumbo na utumbo mpana

Tumboni mhusika mkuu ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Madaktari wa Australia Barry Marshall na Robin Warren walithibitisha kwamba ndiye anayesababisha vidonda vya tumbo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Baadhi ya aina za bakteria huyu zina kitu kama sindano, ambacho hudunga protini ndani ya seli za tumbo na kuzivuruga. Watu wengi wanaye na hawatapata saratani kamwe. Lakini mwenye vidonda vya tumbo visivyopona anapaswa kupimwa, kwa sababu bakteria huyu anatibika kwa dawa za kawaida zikitumiwa kikamilifu.

Kuhusu utumbo mpana, somo kubwa lilitoka jirani. Daktari bingwa wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini na ya kawaida Ulaya. Mwaka 1971 aliandika kwamba tofauti huenda iko kwenye nyuzinyuzi za chakula. Leo tunajua zaidi jinsi hilo linavyotokea. Bakteria wazuri wa utumbo huchachusha nyuzinyuzi za kunde, mbaazi, dona na mboga za majani, na kutoa asidi iitwayo butireti. Asidi hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana, na husaidia kuzuia seli zilizoharibika zisizaliane. Mtu anayeacha kisamvu na mbaazi akahamia chipsi na soda kila siku anawanyima bakteria hao chakula. Hospitali zetu sasa zinaona wagonjwa wa utumbo mpana wengi kuliko zamani.

Uvimbe unavyojilisha na kujificha

Kundi la seli zilizoasi likifika unene wa milimita moja au mbili haliwezi kuendelea bila damu, kwa sababu hewa na chakula havifiki katikati yake. Hapo wengi wa uvimbe mdogo hukwama. Ule unaoendelea ni ule uliojifunza kutuma protini inayoita mishipa ya damu iote kuuelekea. Ni kama shamba lililochepusha mfereji wa jirani. Daktari Judah Folkman wa Marekani alieleza wazo hilo mwaka 1971, na leo zipo dawa zinazolenga kuufunga mfereji huo.

Kizuizi kingine ni kinga ya mwili. Seli za kinga hupita zikikagua, na huua seli zisizo za kawaida. Baadhi ya seli za saratani huvaa protini inayowaambia askari hao "pita, mimi ni mwenzenu." Wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuondoa kizuizi hicho ili kinga ifanye kazi yake. Dawa hizo zinatumika kwa baadhi ya saratani za umio na tumbo, ila bei yake bado ni kubwa sana.

Mbegu na udongo

Kwa kawaida seli za ngozi ya ndani ya umio au utumbo hushikamana kwa protini inayofanya kazi kama gundi. Saratani inapoiva, baadhi ya seli hupunguza gundi hiyo, hubadilika umbo na kuweza kutembea. Hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta ulio mbele yao, kisha huingia kwenye mishipa ya damu au mirija ya limfu, ile inayoelekea kwenye mitoki ya shingoni, kwapani na kwenye nyonga.

Seli nyingi zinazoingia kwenye damu hufa. Mwaka 1889 daktari wa Uingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wagonjwa waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona haisambai ovyo. Alilinganisha seli na mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota tu zikiangukia udongo unaozifaa. Mkulima wa Kisarawe hahitaji kuelezwa zaidi. Mbegu ileile haifanyi vizuri bondeni na mlimani.

Kwa njia ya chakula, udongo wa kwanza mara nyingi ni ini, kwa sababu karibu damu yote inayotoka tumboni na utumboni hupitia kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Ndiyo maana saratani ya utumbo mpana hupenda kuonekana kwenye ini.

Umio una udhaifu wake. Viungo vingi vya tumboni vimefunikwa kwa utando wa nje. Sehemu kubwa ya umio haina utando huo. Tena mirija yake ya limfu iko karibu sana na ngozi ya ndani. Saratani ikipenya kidogo tu inakuta njia mbili zimefunguka: mirija ya limfu kuelekea kwenye mitoki ya kifua, shingo na tumbo, na majirani wa karibu, yaani njia ya hewa, mapafu na mshipa mkubwa wa damu. Ikifika kwenye neva ya sauti, sauti inakauka. Ikitoboa njia ya hewa, mgonjwa anakohoa kila anapokunywa.

Pamoja na hayo umio ni mrija unaotanuka. Mtu hasikii shida ya kumeza mpaka nafasi ya kupita chakula ipungue kwa takriban nusu. Hii ndiyo sababu siku ugali unapokwama si siku ya kusubiri tuone itakuwaje. Ugonjwa huwa umetembea kimya kwa miaka, na hatua inayofuata kwake huwa ya haraka kuliko zilizopita.

Yanayowezekana nyumbani

Acha chai, kahawa na uji vipoe. Kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kupuliza au kupiga funda dogo kwa tahadhari, bado ni moto mno.

Acha sigara na ugoro. Punguza pombe au iache.

Pika mahali penye hewa, au tengeneza njia ya moshi. Mama anayepika ndani kwa kuni ndiye anayevuta moshi mwingi, na mtoto aliye mgongoni anavuta naye.

Anika mahindi na karanga juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Hakikisha zimekauka kabisa kabla ya kuhifadhi. Chambua punje zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au kusinyaa, uzitupe. Usizipeleke mashineni na usiwape kuku. Kupika hakuondoi sumukuvu.

Wapeleke watoto kliniki wamalize chanjo zote. Chanjo ya homa ya ini B imo katika ratiba ya taifa tangu mwaka 2002. Mtu mzima anaweza kupimwa, na asiye na virusi anaweza kuchanjwa.

Kula dona, kunde, mbaazi, choroko, matembele na matunda ya msimu. Piga mswaki kila siku.

Dalili, na pa kwenda

Usisubiri maumivu. Nenda kituo cha afya ukiona moja ya haya:

- Chakula kinakwama au unahitaji maji kukishusha, zaidi ya wiki mbili.
- Unapungua uzito bila sababu.
- Unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami au kina damu.
- Choo kimebadilika, yaani kufunga au kuhara, kwa zaidi ya wiki tatu.
- Uvimbe mgumu juu ya mfupa wa mtulinga, hasa upande wa kushoto.
- Macho ya njano, au uvimbe upande wa juu kulia wa tumbo.
- Vidonda vya tumbo visivyosikia dawa, hasa kwa mwenye zaidi ya miaka 40.

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kutoka hapo utaandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi iliyo Kibaha kando ya Barabara ya Morogoro. Kipimo kinachothibitisha ni endoskopia, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, au njia ya haja kubwa kwa utumbo mpana. Daktari huchukua kinyama kidogo kipimwe maabara. Kipimo hiki kinafanyika Muhimbili na pia Mloganzila, jirani na Kibamba, ambako watu wa Kibaha hufika bila kuingia katikati ya Dar es Salaam. Saratani ikithibitishwa, matibabu ya mionzi na dawa hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Upasuaji hufanyika katika hospitali kubwa ikiwa ugonjwa haujasambaa.

Omba rufaa iandikwe siku hiyohiyo, na uulize tarehe ya kipimo. Tunza karatasi zote za vipimo katika mfuko mmoja, kwa sababu majibu yaliyopotea hurudisha safari nyuma kwa wiki nyingi.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, saratani inaambukiza?* Hapana. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa. Virusi vya homa ya ini B vinaambukiza kupitia damu, kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, lakini saratani yenyewe haihami kwa mtu mwingine.

*Nimesikia saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Ni kweli?* Wengi huogopa kukatwa kinyama kwa sababu waliona jirani akifariki muda mfupi baada ya kipimo. Mara nyingi jirani huyo alifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kinyama kinachochukuliwa ni kidogo sana, na bila hicho daktari hawezi kujua aina ya saratani wala dawa inayofaa.

*Ni ya kurithi?* Makosa mengi hutokea maishani, hayarithiwi. Lakini ukiwa na ndugu wawili au zaidi wa damu waliopata saratani ya utumbo mpana, au mmoja aliyeipata akiwa na umri mdogo, mwambie daktari.

*Mzee wetu ameshafika kwenye uji. Bado kuna faida ya kumpeleka?* Ipo. Hata kama ugonjwa hauponi, umio unaweza kutanuliwa kwa kuwekewa mrija wa kupitisha chakula, au uvimbe ukapunguzwa kwa mionzi, akaweza tena kumeza maji na chakula laini. Dawa za maumivu makali nazo zipo hospitali. Kumpeleka ni kumpunguzia njaa na maumivu, na hilo ni haki yake.

Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyeanza kushusha tonge kwa maji, usimfiche mwenzako nyumbani. Mwambie leo, na kesho asubuhi mwende kituoni pamoja.